Nyota za Bwana Hubertus

Hebu tegua hiki: nikitupwa nashangiliwa, nikianguka nainamiwa kama mfalme, nikivuliwa nguo ndiyo mwisho wangu. Mimi nani? Fikiri, usinitazame usoni. Ukishindwa nipe mji.

Umenipa Bonn? Nimeupokea, nimekaa, nimekula nikashiba. Jibu ni pipi. Pipi ya Jumatatu ya karnivali, siku ambayo huku kwetu kando ya mto Rhine watu wazima huvaa mavazi ya kuchekesha, magari yaliyopambwa hupita mjini, na pipi hunyesha kutoka juu yake.

Nimefunga pipi kwenye kiwanda cha Breidenich miaka thelathini na minane, kwa hiyo pipi naijua. Mwenye kiwanda, Bwana Hubertus, alikirithi kwa mama yake, na pamoja nacho akarithi Nyota: pipi nyeusi, ngumu, ya shamari, ile mbegu ya dawa, ambayo mama huyo aliitunga mwenyewe jikoni kwake. Ladha yake? Tuseme hivi, kikohozi kikiisikia tu kinaondoka kabla hujaifungua karatasi.

Gudula, binti yake, ndiye angeshika kiwanda Pasaka ikifika, na hakuitaka Nyota hata kidogo.

"Baba, mtambo mzima unazunguka kwa ajili ya pipi ambayo watu hawaitaki."

"Hawajaizoea."

"Tangu mwaka wa hamsini na mbili?"

"Watu wa hapa wazito."

Tulikuwa chumba cha mkutano, watatu tu, mimi nimeitwa nisemee wafungaji wa pipi. Gudula akamwegemea baba yake. "Haya, na wewe mwenyewe unaipenda?"

Mzee akafungua droo, akatoa chupa ya matango ya siki, akatafuna tango moja taratibu mpaka likaisha. Kisha akasema leo kuna baridi, sivyo, Bi Odilia? Nikasema ipo. Ningesema nini?

Basi wakawekeana dau. Jumatatu ya karnivali gari la kiwanda litupe Nyota na pipi za matunda, nusu kwa nusu. Gari likishapita, Gudula ashuke aangalie njiani kabla wafagiaji hawajafika. Nyota zikibaki chini, mtambo wake unazimwa. Zikiokotwa, zinaishi, na Gudula hazungumzi tena habari hiyo. Mzee alipeana mkono na binti yake, lakini shingo upande. Sufuria za mama yake zilishauzwa, nyumba ilishabomolewa. Kilichobaki ni Nyota.

Siku ikafika. Gudula alipanda gari amevaa kama daktari wa meno, koleo kubwa la mbao linaning'inia shingoni. Mimi nilikuwa askofu, nimesimama kando ya njia. Mzee alituma salamu kwamba mgongo unamuuma, anabaki nyumbani.

"Kamele! Kamele!" watu wakazililia pipi, wengine wamegeuza miavuli juu chini iwe vikapu. Zikanyesha. Za matunda hazikufika hata chini. Nyota zilifika salama, zikatulia, watu wakazikanyaga wakifukuzia nyingine.

Ndipo nikamwona mama mmoja mfanya usafi, kilemba cha maua kichwani, matiti yameteremka mpaka kiunoni. Anatambaa katikati ya miguu ya watu na mwavuli wake uliogeuzwa, anaokota. Anaokota Nyota tu. Chini ya sketi nikaona viatu vya kiume vya kahawia, vimeng'arishwa, vile vinavyopita mbele ya meza yangu kila asubuhi.

Nikainama sikioni kwake. "Mzee, titi la kushoto linakimbia."

"Nyamaza, Baba Askofu. Okota."

Nikaokota. Dhambi ile nilijisamehe mwenyewe, si kofia nilikuwa nayo.

Mtoto mmoja aliyevaa kama chui akamvuta Mzee sketi. "Bibi, hizo usile. Hizo mbaya."

"Nani kasema?"

"Kila mtu." Halafu akamwonea huruma, akageuza mfuko wake. "Lakini kama huna nyingine, chukua na zangu."

Nyota zake zote zikaingia mwavulini. Mzee akashukuru kwa sauti nyembamba, macho hayakuinuka.

Mbele kule msafara ulikuwa umekwama, na Gudula alishashuka, anarudi kwa miguu akitazama chini. Barabara nyeupe, hakuna Nyota hata moja. Nilimwona anavyoshangaa, karibu akubali kushindwa. Kisha akaona mwavuli umejaa, na viatu.

"Hujambo, mama," akasema daktari wa meno. "Naona unazipenda sana Nyota."

"Mno, mwanangu."

"Basi kula moja nikuone."

Watu wakageuka kutazama. Mzee akafungua karatasi, akaitia Nyota mdomoni. Uso ukajikunja kama soksi iliyovuliwa, machozi yakamlenga. Yule chui mdogo akacheka mpaka akakaa chini.

Gudula hakucheka. Alichuchumaa mbele yake pale njiani. "Baba. Kuna kitu nilikuuliza siku ile mkutanoni."

Mzee akaitoa Nyota mdomoni, akaishika kiganjani, akavua kilemba.

"Sijawahi kuipenda," akasema. "Mama alikuwa ananitazama usoni nikiila, nami nikawa naomba ya pili."