Vifuniko vya Behewa Namba 41

Miaka kumi na moja! Siku tulipolitoa behewa lile kwenye shamba la Wynne, lilikuwa banda la kuku, na mjukuu wangu alikuwa tumboni mwa mama yake. Sasa mjukuu alikuwa ananifundisha kutumia simu, na sisi bado tulikuwa tunapiga msasa.

Mimi ni Eirlys, mshonaji wa viti. Pale karakana ya reli ya zamani ya bonde la Cwm Hesgin sote tunafanya kazi kwa kujitolea. Hakuna aliyetulazimisha, na hilo ndilo linaloniudhi, maana huwezi hata kutishia kuacha kazi. Mume wangu Alwyn ndiye aliyeliona behewa kwanza, akaingia humo katikati ya kuku, akatoka na kinyesi mabegani, anacheka peke yake. "Eirlys, mbao zake bado nzima," akaniambia. Tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikapotea.

Mkuu wa karakana ni Hefin Prosser, posta-masta mstaafu. Mtu mwema, lakini wallahi atakuua kwa taratibu. Rangi ya milango ilifutwa mara tatu kwa sababu yeye na wenzake walibishana kama ilikuwa nyekundu ya damu au nyekundu ya divai. Halafu kuna skrubu. Kwa Hefin, mifereji ya vichwa vya skrubu zote lazima ielekee upande mmoja, sambamba na reli. Hata zile za juu ya paa, wanakoziona kunguru tu.

"Kunguru wa Cwm Hesgin wana macho makali," Dilwyn alikuwa akisema. Dilwyn ndiye dereva wa kichwa cha treni, na mdomo wake haujawahi kupoa.

Mimi nilikuwa sicheki. Mwezi wa kumi daktari wa macho alituambia wazi kuwa kabla ya majira ya joto Alwyn atakuwa haoni kabisa. Tulirudi nyumbani, nikachemsha chai, hakuna aliyeinywa. Mwishowe akasema hana ombi kubwa. Anataka kukaa dirishani ndani ya Namba 41, mara moja tu, alione bonde likipita.

Nilimwendea Hefin siku ya pili yake. "Hefin, mwezi wa nne lazima litoke."

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na polepole yako ina nini? Kutu?"

Akakubali Jumamosi ya Pasaka. Mwezi wa pili vikafungwa vifuniko vya taa juu ya paa, vitano, vya chuma, vilivyochomoza kama kofia. Vya asili vilikuwa vimepotea, na Hefin aliagiza viundwe upya kwa kufuata picha ya zamani. Alwyn ndiye aliyevikaza skrubu, sita kila kimoja, mifereji yote sambamba na reli. Hefin alipita na tochi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa mara ya kwanza hakukosoa kitu.

Ikafika Jumamosi. Watu wamejaa stesheni, bendi ya shaba inapuliza, mikate ya zabibu imekatwa. Nilimvalisha Alwyn koti lake la harusi za watu. Dilwyn akaunganisha kichwa cha treni na behewa, akapiga honi, akaanza kulivuta taratibu kutoka karakanani.

Pwaa!

Kifuniko cha kwanza kiligonga boriti ya mlango wa karakana. Dilwyn akafunga breki. Kila mtu akatazama juu, kisha akamtazama mwenzake. Behewa liliingia miaka kumi na moja iliyopita likiwa na paa tupu. Sasa lilikuwa na kofia, na mlango ulikuwa uleule.

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawasha. "Nani alipima mlango?" nikapiga kelele. "Hefin! Umefuta rangi mara tatu, umehesabu skrubu za kunguru, mlango ukakushinda kupima?"

Hefin alitazama viatu vyake. "Mimi ndiye mkuu. Kosa ni langu."

"Lakini si yeye aliye..." Dilwyn akaanza.

"Dilwyn, nyamaza," Hefin akamkata. Akanigeukia. "Eirlys, twende kwa kamati. Wiki mbili tu."

"Wiki mbili! Ana wiki mbili huyu? Nileteeni ngazi na bisibisi!"

Nilipanda. Mimi, mwenye goti bovu na sketi ya Pasaka. Dilwyn akapanda ngazi ya upande wa pili, na Alwyn akasimama chini kati yetu, kichwa juu, anatabasamu. Nikaomba daftari la vipimo nijue vimezidi kwa kiasi gani. Hefin akalishika kifuani kwanza, kisha akanipa.

*Mlango: futi kumi na mbili, inchi nane. Januari.* Mwandiko wa Alwyn. Mwandiko umepanda na kushuka nje ya mistari.

Nikanyoosha futi kamba mwenyewe kutoka kwenye boriti, Hefin akaishika chini. Futi kumi na mbili, inchi tatu. Tatu ameiona nane.

Nikageuka kumtazama Alwyn. Alikuwa anaongea, taratibu, kwa upole wake ule. "Mke wangu, usiteleze. Shika kwa mkono wa kushoto." Alikuwa anaiambia ngazi ya Dilwyn.

Nikashuka. Sijui goti lilifikaje chini. Nikamshika uso. "Tangu lini?"

"Ukungu ulizidi Krismasi. Kufika mwezi wa pili, giza tupu."

"Na skrubu?"

Akaniinulia kidole gumba. Ncha yake ilikuwa imekatikakatika kama ubao wa kukatia mboga. Skrubu thelathini, kila mfereji ameupapasa.

"Mbona hukuniambia, wewe mwanamume? Mbona hukuniambia!"

"Ningesema, Hefin angeninyang'anya bisibisi. Sheria ya karakana. Na wewe ungelia kila siku, Eirlys, na mimi nilitaka ugombane tu kama kawaida."

Hefin alikuwa amekwisha kupanda paani. Alifungua vifuniko vyote vitano mwenyewe, akazipanga skrubu kwenye kofia yake, na zile zilizogoma akazikata kwa msumeno bila kutazama mifereji. Robo saa baadaye behewa likapita chini ya boriti, paa tupu, kama lilivyokuja.

Tulikaa dirishani, kwenye kiti nilichokishona kwa mkono wangu. Alwyn aliweka kiganja kwenye kioo. Treni ikashika mwendo. Nilikuwa nimekasirika mno, sikutaka kumsemesha kabisa.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Kwa Wynne, shambani."

"Kuna nini?"

"Kondoo! Kutakuwa na nini?"

"Wangapi?"

Nikafuta uso kwa mkono wa koti lake, nikaanza kumhesabia. Mmoja mmoja, kwa sauti ya ugomvi, kondoo wote wa bonde zima, mpaka stesheni ya mwisho.