Stadi Tatu za Baba Mkwe

Stadi tatu zilikataa kutoka. Wenzao wote walikuwa wamelala juu ya gunia, wamepangwa kama dagaa. Hizo tatu zilibaki zimesimama kwenye bloku ya injini, vipande vya chuma vyenye urefu wa kidole, kutu tupu, kama wageni wasiojua kuaga. Meno yao ya juu yalikuwa yamelika, hayashiki tena nati. Bila kuzing'oa na kuweka mpya, kichwa cha injini hakifungiki, na gari haliendi popote.

Gari lilikuwa la mama mkwe wake fundi. Lilikuwa na taa za mviringo, na rangi yake ya maziwa ilikuwa imegeuka chai. Mama huyo alikuwa mkunga, sasa amestaafu, na enzi zake aliliendesha mwenyewe kwenda kuzalisha. Tangu mumewe afariki halijawaka. Asubuhi hiyo alisema bila kuzunguka:

"Likiwaka leo, nitaliendesha. Lisipowaka, lichukuliwe. Sitaki kaburi la pili uani kwangu."

Ndiyo maana mnunua vyuma chakavu alikuwa ameshafika. Lori lake lilikuwa mlangoni, mwenyewe amekalia tairi bovu, anatafuna karanga.

"Fundi, kubali tu msiba," alisema. "Nina haraka mimi."

"Haraka gani, na karanga hujamaliza?"

Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Nyundo, kwa jinsi alivyosuluhisha mambo. Alifunga nati mbili kwenye stadi moja, pale chini kidogo ambapo meno yalikuwa bado mazima, akazibana pamoja, akatia spana, akavuta. Spana iliteleza, mkono ukagonga bloku, kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi papo hapo. Akatoa tusi. Kugeuka, mama mkwe huyo hapo nyuma yake.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Nimekaa na wanawake wenye uchungu maisha yangu yote. Hilo lako ni tusi la watoto."

Nyundo akawasha tochi ya gesi, akapasha chuma kuzunguka stadi, akagusisha mshumaa aliouchukua jikoni kwa mkewe. Nta ikayeyuka, ikazama kwenye hesi, yale meno ya stadi. Akavuta tena. Wapi! Basi akavisha mpini wa spana bomba refu, akaning'inia na uzito wake wote.

Tap! Stadi ikakatika kama karoti.

Mnunua vyuma akasimama, akakung'uta maganda ya karanga.

"Aliyezifunga hizo ni marehemu," mama mkwe alisema polepole. "Akifunga kitu, kimefungwa. Chupa ya asali tulikuwa tunaila siku akiwepo yeye tu."

"Kumbe leo napigana mieleka na baba mkwe."

"Akiwa hai hukumweza, utamweza leo?"

Hata Nyundo alicheka. "Na yeye alikuwa anaifunguaje hiyo chupa, mama?"

"Kwa ubishi wake. Tunamwambia fungua, yeye anakaza kwanza. Kidogo tu, kama anaikonyeza. Halafu ndiyo anafungua."

Nyundo aliliangalia bomba lake. Jambo hilo alikuwa analijua, kila fundi analijua, ila alipopata bomba refu aliliacha. Akalitupa kando. Akahamia stadi nyingine, akaifunga nati na kuipasha kama ile ya kwanza, akakaza kidogo.

Krrk.

"Imeongea!" mnunua vyuma akapiga kelele.

"Usivute sasa," mkunga akasema, ameshapiga magoti kando ya injini. "Mwache apumue. Haya, taratibu. Rudisha. Tia nta. Tena."

Mbele kidogo, nyuma kidogo. Kutu ikawa inatoka unga mwekundu.

"Sukuma, fundi! Sukuma!" Mnunua vyuma alikuwa ameshasahau kilichomleta.

Stadi ikatoka. Mkunga akaipokea kwa kitambaa, akaigeuza huku na huku.

"Wa kiume," alisema. "Tena ana sura ya babu yake."

Ya pili ikafuata kwa mwendo huohuo. Ile iliyokatika, Nyundo aliichomelea nati juu ya kisiki chake, akasubiri ipoe, akakaza kwanza, akafungua. Mapacha watatu wakalala kwenye kitambaa kimoja.

Stadi mpya na gasketi vilikuwa tayari mezani. Alasiri injini ilikuwa imefungwa, lakini betri haikuwa na nguvu, na aliyelisukuma gari hadi likakohoa, likaunguruma, ni mnunua vyuma mwenyewe. Mama mkwe alikuwa kwenye usukani, kilemba kimemwendea upande, anapiga honi hadi majirani wakatoka nje. Akazunguka mtaa, akarudi, akazunguka tena.

Kazi hiyo ilikula stadi moja iliyokatika, spana moja iliyopanuka mdomo, mishumaa mitatu ambayo mke wa fundi anaidai mpaka leo, kucha moja ya kidole gumba, na safari moja ya lori lililorudi tupu.