Hewa ya Chumba cha Mzee Qamara

Basi lilikuwa limeshaiacha Karatu nyuma, na Sebastian amekaa dirishani na begi lake la vyuma vya kazi katikati ya miguu, akijiambia kwamba safari hii ameondoka vizuri. Hakuaga, lakini ameondoka vizuri. Kazi ameimaliza, mashine inawaka, karatasi ya maelekezo ameibandika ukutani kwa gundi. Mtu anataka nini zaidi kwa fundi?

Alikuwa Mchaga wa miaka sitini na minne, na ndivyo alivyoondoka kila mahali. Tanga aliondoka hivyo, Mwanza hivyo, Dodoma aliacha mpaka sufuria juu ya jiko. Ufundi wa majokofu na viyoyozi aliuokota vipande vipande, mwaka mmoja chuoni, miezi sita gereji, mengine alifundishwa na mashine zenyewe. Karatu alikuja kwa wiki mbili, kufunga viyoyozi kwenye hoteli moja ya wageni wa Ngorongoro. Akakaa miezi saba. Sababu ya ile miezi saba ilikuwa Leonida.

Leonida ndiye aliyempangisha chumba cha uani kule Gyekrum, pembeni ya mji. Mjane wa Kiiraqw, mkulima wa mahindi na fiwi, ambazo huko huziita ngwara, mtu wa kuongea polepole na kucheka bila sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Jana jioni, akichambua maharage, alimwambia, "Fundi, kesho nikirudi mnadani tukae tuongee." Hakuongeza neno. Sebastian alishaambiwa sentensi hiyo katika miji mingine, akajua inaelekea wapi. Kulipopambazuka akabeba begi, ingawa basi lilichelewa kuondoka.

Mashine yenyewe alikuwa ameifunga siku tatu zilizopita. Baba yake Leonida, Mzee Qamara, ana miaka themanini na kitu na kifua kibovu, na daktari alishasema moshi basi, na baridi basi. Moshi ni rahisi kuukataza. Baridi ya Karatu mwezi wa saba utaikataza vipi? Ndipo Adrian, mdogo wake Leonida anayefanya kazi hotelini, akaleta kiyoyozi kilichokuwa kimetolewa chumba cha mgeni. Majirani walicheka sana. Kiyoyozi Karatu! Hao wanatafuta baridi ya kuongezea? Sebastian akawaeleza kwamba mashine ya aina ile ukiigeuza inatoa joto, inalichota nje na kulileta ndani. Hawakumwamini mpaka alipoiwasha, Mzee Qamara akainyooshea mikono kama mtu anayeota moto, akasema, "Mchaga huyu amelifunga jua ukutani."

Na karatasi aliiandika kwa herufi kubwa, maana macho ya mzee yamechoka. Funga dirisha na mlango mashine ikiwaka, joto lisitoke. Weka rimoti kwenye alama ya jua, namba ishirini na mbili, usipandishe thelathini, haitafika haraka zaidi. Usichomeke pasi wala jagi la umeme kwenye laini yake. Umeme ukikatika zima swichi, ukirudi subiri dakika tano. Chujio lioshwe kila wiki mbili kwa maji matupu, likauke kivulini. Boksi la nje lisifunikwe, na kuku wasilale juu yake. Hilo la kuku alilipigia mistari miwili, maana alishamkuta mmoja.

Basi lilisimama Rhotia kupakia magunia. Simu ikaita. Alipoona jina akataka kuiacha iite, kisha akaona haya.

"Fundi, umeamkaje? Nimegonga kwako asubuhi, kimya." Nyuma yake ng'ombe wa mnadani walikuwa wanalia.

"Nimeamka salama. Nilitoka mapema."

"Haya. Nilitaka kukuuliza, ile mashine inachoka? Asubuhi hii imepuliza vizuri, halafu ikanyamaza yenyewe. Boksi la nje likatoa mvuke kama chungu cha makande. Baba akasema imezeeka kama yeye."

Sebastian akatabasamu dirishani. "Haijachoka. Kukiwa na ukungu na baridi kali, boksi la nje linashika barafu. Inasimama dakika chache kuyeyusha barafu yake, halafu inaendelea. Nilisahau kuwaambia."

"Ah, basi. Maana mzee hakusubiri. Nimemwachia jiko la mkaa liisaidie mashine."

"Jiko liko wapi?"

"Ndani kwake, Fundi. Usiogope, moshi hakuna, mkaa nimeuacha uive kabisa mpaka mwekundu. Na mashine si inabadilisha hewa? Amefunga dirisha na mlango kama ulivyoandika, na chini ya mlango ameziba kwa kitenge. Anakusifu kweli."

Sebastian akasimama. "Leonida, sikiliza," alisema, na hapo simu ikakatika. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani, na alikumbuka kwamba chaji ya ile simu haivuki saa nne asubuhi. Alitafuta namba ya jirani yeyote. Hakuwa nayo. Ya Adrian pia hakuiweka. Miezi saba, na simuni ana namba moja tu ya Karatu, kwa sababu namba za watu zinamfanya mtu arudi.

Alishuka akiburuta begi, kondakta akimuuliza kama amesahau kitu.

"Nimesahau kusema neno," alisema.

Akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. Njia nzima alimsukuma dereva mgongoni kama anasukuma punda. Alikuwa anajua. Hicho ndicho kilichomtafuna, kwamba alikuwa anajua tangu Tanga: mashine hii haileti hewa kutoka nje hata kidogo. Inachukua hewa ileile ya chumbani, inaipasha moto, inairudisha. Mkaa mwekundu usio na moshi unatoa sumu isiyo na harufu, na chumba kilichozibwa kinaitunza. Na aliyesema kizibwe ni yeye, kwa herufi kubwa.

Uani palikuwa kimya, kuku watatu wamelala juu ya boksi la nje. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Alimwita mzee mara mbili, akasikia kitu kama mguno. Akachukua spana kubwa begini, akavunja kioo cha dirisha, akapitisha mkono akafungua. Akazunguka, akaupiga mlango kwa bega, mara ya tatu komeo likang'oka na yeye akaanguka nalo ndani. Hewa ilikuwa ya joto, nzuri, haina harufu yoyote. Hilo lilimtisha kuliko kama ingenuka.

Mzee Qamara alikuwa amekaa kitandani na koti lake na kofia, kichwa kimelalia ukuta, matapishi kidogo kifuani. Sebastian alimkumbatia kwapani akamvuta mpaka nje, akamkalisha juu ya gunia la pumba, akarudi kulitoa jiko na kulimwagia maji, akarudi tena kwa mzee akamfungua vifungo vya shati. Alimpepea kwa kofia yake mwenyewe. Akawa anamwita, baba, baba, jina ambalo hakuwa amemwita mtu tangu utotoni.

Baadaye, hakujua ni dakika ngapi, mzee alifumbua macho akamtazama.

"Mchaga," alisema kwa taabu, akilitazama jaketi la safari. "Basi limekuacha?"

"Limeniacha, mzee."

"Kichwa kinaniuma. Umenivunjia na dirisha."

"Nitalitengeneza."

"Na mlango."

"Na mlango."

Dereva wa pikipiki, aliyekuwa bado anasubiri nauli yake, ndiye aliyekwenda kuita gari. Hospitalini walimvalisha mzee barakoa ya oksijeni, akaambiwa akae nayo, akaiondoa kila mara aulize mashine yake imezimwa au inakula umeme bure.

Leonida alifuatwa na mtu mnadani, akawakuta huko, vumbi la mnadani miguuni. Alimshika baba yake shavu kwanza. Kisha akamgeukia Sebastian, akatazama begi la vyuma, na jaketi la safari, na tiketi ya basi iliyochungulia mfuko wa shati.

"Wewe ulikuwa unajua kuhusu mkaa?"

"Nilijua."

"Mbona hukuandika?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

Nesi alipita, akarudi, akapita tena.

"Ya kutokaa tukaongea," alisema Sebastian mwishowe.

Mabega ya Leonida hayakutikisika. "Nilitaka kukuambia uhamie chumba cha mbele," alisema. "Kile cha uani kinavuja. Ni hilo tu. Mengine ungeyauliza wewe, kama ungetaka. Wewe unamkimbia mtu kabla hajanyanyuka."

"Leonida..."

"Kwenye karatasi yako umeandika chujio lioshwe kila wiki mbili. Nani ataliosha? Mimi sina mikono ya kufika huko juu. Baba ana miaka themanini. Ulimwandikia nani?"

"Nitaosha mimi," alisema Sebastian.

"Hiyo ni wiki mbili. Na wiki mbili nyingine?"

"Nazo."

Ndipo mabega yakatikisika, kidogo tu, na akamchomoa ile tiketi mfukoni akaitumia kufutia vumbi kwenye kiatu.

Kesho yake Sebastian aliweka kioo kipya, na juu ya dirisha akatoboa tundu la hewa lenye wavu, lisilofungika. Kwenye karatasi aliongeza mistari chini. Mashine hii haileti hewa ya nje. Jiko lisiingie humu, hata likiwa halina moshi. Ikinyamaza na kutoa mvuke, ngoja, itarudi. Mzee Qamara alisomewa, akataka iongezwe kwamba fundi asitoroke, na Sebastian akaiandika.

Mzee Qamara aliishi miaka miwili mingine na miezi, akafa mwezi wa kumi, mchana, baada ya kula. Dereva wa pikipiki aliyempakia Sebastian kutoka Rhotia sasa anaendesha gari la watalii. Adrian alihamia hoteli nyingine. Leonida bado analima ngwara, na simu alinunua yenye betri inayofika jioni. Sebastian alihamia chumba cha mbele mwezi uleule wa kisa cha mkaa, na mwaka uliofuata walifunga ndoa kanisani, bila sherehe kubwa. Ana namba kumi na tisa za Karatu simuni. Begi la vyuma liko chini ya kitanda. Kiyoyozi kinafanya kazi, chujio lake huoshwa kila Jumamosi ya pili, na kuku bado wanalala juu ya boksi la nje.