Mashine Haijui Matanga

Asubuhi, katika soko dogo la Shari, Yannick aliwasha mashine yake ya kusaga sombe, yaani majani ya muhogo. Haukupita muda, Muzee Mbusa, aliyefariki jana yake, akaamka palipowekwa maiti yake akaja kulalamika.

Alikuja na suti ya harusi na pamba puani. Watu walimpisha, wakamsalimia. Desturi inajulikana: penye maiti, kinu hakilii mpaka azikwe. Domitille, aliyeishi kwa kuwatwangia watu sombe tangu alipokimbia vita Djugu, alikuwa amekilaza kinu chake tangu jana, na wateja wake wote wakahamia kwenye mashine. Jambo hilo lilimuuma sana. Adabu ilikuwa inamnyima chakula.

« Zima kwanza ile kintu, » marehemu akasema. « Niko nalala. »

« Pole, muzee. Machine haijue matanga, » Yannick akajibu, huku akisukuma majani ndani. « Batu iko nangoja. Na weye, mama Domitille, toa kinu yako. Kesho machine ingine itakaa pale. »

Muzee Mbusa akamgeukia Domitille. « Juu ya nini unanyamaza? »

« Juu yako, muzee. »

« Twanga. Makelele ya kinu nilizoea. »

Domitille akasimamisha kinu, akakaza kitenge, akatwanga. Hakuna aliyetoka kwenye foleni ya mashine. Marehemu akakaa kando yake, akaonja sombe ikiwa mbichi, kwani sumu yake haikuweza tena kumdhuru, akasema imelainika vizuri. Kisha akarudi kulala, maana padri alikuwa amefika.

Mchana jeneza likapita sokoni. Mashine ilinguruma vilevile. Domitille aliushika mchi hewani mpaka mwombolezaji wa mwisho alipopita. Ndipo akaushusha kwa nguvu zake zote.

Kesho yake mashine ya pili ikaletwa. Wabebaji wakamkuta Domitille palepale, kinu katikati ya nafasi yao. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Wakamwambia asogee.

« Niko na ruhusa, » akasema, bila kuacha kutwanga. « Ule mwenye alinipatia mulimuzika jana. Muende mumuulize. »

Hakuna aliyekwenda. Wakaiweka mashine upande wa pili, na foleni ikajipanga huko. Domitille akaongeza majani kinuni.