Dayodi Zilizokatwa Miguu

Siku mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulipomkata vidole kibarua mmoja pale Majimoto, Luhende, mwenye mashine, alifuta damu akawasha tena. Mdogo wake, Agatha, aliyesomea umeme Mpanda, hakukubali. Akaamua kuunda saketi ya kuzima mota pindi kitu kinapokwama.

Mota ikikwama huvuta umeme mwingi. Koili, pete ya waya uliosokotwa, aliyoivisha kwenye waya wa mota ingeuhisi umeme huo na kupeleka volti kidogo kwenye chipu. Ikizidi, chipu ikate umeme wa mota. Saketi ya kwanza iliungua palepale, maana mota ikiwashwa tu huvuta umeme kupita kiasi, na volti hupanda ghafla. Ya pili akaiwekea rezista na dayodi mbili mlangoni mwa chipu, zimeze volti ya ziada, akaipanga isubiri hadi mota ichanganye. Akachomeka gunia kwenye mkanda. Mashine ikazima kabla gunia halijachanika.

Wateja wakaanza kumsifu Agatha mbele ya kaka yake. Luhende akanuna.

Wakulima wa Usevya walipokuja kuiona, Agatha akawasha kwa madaha. Chipu ikafuka moshi. Watu wakaangua kicheko.

Alifungua boksi. Dayodi zote mbili zilikuwa zimekatwa miguu, vile vijiwaya vya kuziunga.

"Nani kakata hizi?"

"Umeshindwa kazi, unatafuta wa kumsingizia," Luhende alisema. "Haya, nani kaona?"

Agatha akamtazama wifi yake Rozalia, mke wa Luhende, aliyekuwa kwenye mashine tangu asubuhi. Rozalia naye alikuwa anacheka.

Luhende akaitupa saketi jalalani.

Msimu huohuo kitenge cha Rozalia kikanaswa na mkanda. Mota haikusita. Ilimvuta hadi mkono wa kulia ukakatikia kiwikoni.

Agatha alimkuta hospitali, amegeukia ukuta.

"Wifi, nilimwona kaka yako akizikata kwa koleo," Rozalia alisema. "Aliniambia nikifungua mdomo nirudi kwetu."

"Sawa, ulinyamaza. Na kucheka je?"

"Walikuwa wanakusifu wewe kila siku. Kukuona umeaibika kulinifurahisha."

Agatha alikuwa amemletea uji. Akauweka juu ya kabati, upande wa kulia, mahali ambapo Rozalia asingeweza kuufikia, akatoka.