Jiwe la Kutua Mzigo

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Leonia, mjane wa katekista Ambrosi, alipewa siku moja achague kiwanja. Kimoja kilikuwa katikati ya kijiji kipya, karibu na kisima. Cha pili kilikuwa mwisho kabisa, kwenye njia ya kale ya wapagazi, na kila mtu alikuwa amekikataa, maana ilisemwa waliofia safarini bado hupita pale na mizigo yao ya pembe za ndovu. Leonia hakuwaogopa wafu. Aliwaombea kila siku. Alichotaka ni kimoja tu: kukaa mahali atakapoliona kaburi la mumewe, lililobaki shamba la zamani, ng'ambo ya ziwa, chini ya mninga.

Asubuhi akashika njia ya ziwa, atafute mahali pa juu atazame kaburi laonekana kutoka kiwanja kipi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, bata maji wakilia pasipo kuonekana. Akakumbuka Ambrosi alivyomsimulia juu ya jiwe lililosimama kama mtu anayengoja wenzake, ambapo babu yake mpagazi alitua mzigo kila aliporudi kutoka Ujiji. Leonia alidhani ni hadithi za kupitishia masika. Basi alipozunguka matete, likamtokea: nguzo ya jiwe, nyembamba, ndefu kuliko paa la nyumba.

Akavua kandambili, akajifunga khanga, akafanya ishara ya msalaba. Mawifi wangemcheka mwezi mzima. Vishimo vya kukanyagia vilikuwapo, vimelainishwa na nyayo za watu wa zamani. Akapanda taratibu, kama mtu apandaye usingizini.

Juu alikuta kokoto, moja kwa kila safari iliyorudi salama. Ndiyo desturi aliyoikemea Ambrosi kanisani kila mwaka. Na katikati ya kokoto, kifungo chenye uzi mwekundu. Uzi ule aliutia Leonia mwenyewe kwenye shati la mumewe, kwa kukosa wa kaki, siku Ambrosi alipokwenda kulazwa Tabora mjini mara ya kwanza. Aliporudi mzima alisema kifungo kimedondoka garini.

“Mwongo wewe,” Leonia akasema polepole, akakirudisha mahali pake.

Ukungu ukafumuka. Mninga haukuonekana, kilima kilikuwa kimeuziba. Lakini njia ya wapagazi aliiona yote: ilitoka nyuma ya kilima kile, ikazunguka ziwa, ikapita chini ya miguu yake, ikaenda moja kwa moja hadi upande wa nyuma wa kiwanja cha mwisho.

Alirudi akamkuta shemeji yake Masolwa, balozi wa nyumba kumi, ana vigingi begani. Masolwa akamuuliza kama alikwenda kuposwa na mamba.

“Nipigie vigingi kile cha mwisho, shemeji.”

“Huko wanapita wafu.”

“Mmoja namfahamu. Sipendi azunguke kijiji kizima akiulizia kwangu.”

Masolwa akashusha vigingi begani. Kisha akakumbusha kwamba milango yote, kwa amri, iangalie barabara.

“Wa mbele utaiangalia,” Leonia akasema. “Wa uani niachie mimi.”