Mke Mwenzangu wa Chuma

Katika mtaa wetu wote hakuna bibi aliyewahi kuwa nahodha isipokuwa mimi. Kweli, unahodha wangu ulidumu siku moja, na siku hiyo hiyo nikapandisha boti matopeni, lakini anayejisifu halazimiki kumaliza yote kwa pumzi moja.

Mume wangu alikuwa fundi mashine wa kivuko. Watu wakisikia kivuko wanamfikiria yule wa juu, mwenye kofia na dirisha. Wangu alikuwa chini, tumboni kabisa, kwenye joto na mafuta, mahali pasipo na tundu hata la kupitisha kidole. Nahodha akitaka kitu anapiga kengele: moja ni twende, mbili ni zima, tatu ni rudi nyuma. Ujana wake wote na utu uzima wake wote, mwanamume huyu alisafiri kwenye mkono ule wa bahari bila kuuona. Jioni anarudi ananuka dizeli, namuuliza leo umeona nini huko, anasema, "Nimeona mashine."

Ndiyo maana kivuko kile nilikiita mke mwenzangu. Wanawake wengine waliibiwa waume na wasichana wenye miguu mizuri. Mimi niliibiwa na silinda sita. Akiugua yeye, mzee haji kula. Nikiugua mimi, naambiwa ninywe maji, nitapoa.

Kisha likajengwa daraja. Kivuko kikakokotwa mpaka kwenye karakana ya meli, kule mkono wa bahari unapofunguka, na mzee akaambiwa akapumzike. Walimwambia kivuko kinakwenda kutengenezwa, halafu kitapewa kazi mahali pengine. Wakati huo presha ya macho ilishaanza kumla. Ilianza pembeni, kama panya anavyokula mkate, ikaja ikamalizia katikati. Sasa anajua kumekucha au kumekuchwa, basi. Mimi ananijua kwa ndara zangu, anasema naziburuta.

Mwaka huu akashikwa na neno moja. "Mama watoto, nataka nikamsalimie kabla hawajampeleka mbali. Nimguse tu, nijue amepona." Akiamka ni hilo, akinawa mikono ale ni hilo. Binti yetu akasema baba ataangukia majini. Mkwe wetu, ambaye ana boti ya kubebea barafu ya wavuvi, akasema kama ni kuanguka, bora aanguke amefurahi. Binti alimtazama mumewe kwa jicho ambalo nililitambua, maana nilimfundisha mwenyewe. Lakini boti tulipewa. Mkwe alitaka kutusindikiza, mzee akakataa. Fundi hasindikizwi.

Tukakaa hivi: yeye nyuma, ameshika mkono wa injini, mimi mbele na macho yangu mawili, moja zima na moja la kubahatisha. Maneno ya mabaharia siyajui, kwa hiyo tulitumia ya nyumbani. Kushoto ni ukutani na kulia ni mlangoni, kama kitandani kwetu. Na kengele ilikuwa kijiko na kikombe cha bati.

Nikagonga moja. Tukaondoka taratibu, maji yametulia kama uji uliopoa.

"Hapa ni kiwanda cha barafu," akasema mzee baada ya muda. "Nahodha alikuwa anapunguza hapa. Kikoje?"

"Kirefu. Madirisha yamevunjika."

"Mimi nilikijenga kichwani kifupi."

"Basi kibomoe ukijenge upya."

Akacheka. Nikamwonyesha mengine kwa mdomo: ukuta wa shule, mitumbwi iliyofunikwa maturubai, mbuzi aliyepanda juu ya gari bovu akasimama kama mwenye gari.

"Kuna mwanamke anafua," nikasema. "Anakupungia."

"Mzuri?"

"Ana umri wangu."

"Basi ni mzuri." Akapunga. Yule mwanamke hakuwa amepunga, alikuwa anakung'uta shuka, lakini alipoona mzee wa watu anampungia kwa heshima kiasi kile, naye akapunga. Kwa hiyo hapo sikusema uongo, nilitangulia tu.

Nikafurahi, nikataka chai. Nikamimina kwenye kikombe kile kile cha bati, nikatia sukari, nikakoroga. Mimi nikikoroga huwa nakoroga kwa nguvu. Kijiko kikagonga bati: ko, ko, ko. Mzee, bila kuuliza, akaitikia kama alivyoitikia maisha yake yote. Akarudisha boti nyuma kwa kasi. Chai ikanimwagikia mapajani na matako ya boti yakaingia kwenye tope.

"Umesema rudi," akasema.

"Nimesema sukari."

"Nahodha wangu hakuwahi kunywa chai kwenye kengele."

Ikabidi tusubiri maji yajae. Nilikamua khanga yangu, yeye akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama zamani akitoka kazini. Nikamuuliza, kwa utani, huyo mke mwenzangu ana nini mimi sina.

Hakucheka. "Sura yako ninayo," akasema. "Ya siku zile. Haizeeki tena, umepata bahati. Za watoto ninazo. Yake sina. Yeye nilikuwa ndani yake tu." Akakunja kitambaa. "Sikujenga nyumba ya maana. Shamba sikulima. Nilichofanya duniani ni kukitembeza kile kitu. Kikiwa bado kinatembea, hata kama ni mwingine anakiendesha, naona sikukaa bure humo gizani. Basi. Ni hilo tu."

Nikamsogezea kipande cha mkate akakishika hakukila.

Maji yakajaa. Nikasukuma kwa kafi, tukachomoka, nikagonga kengele moja, nikaweka kijiko mbali na sukari.

Karakana ilikuwa nyuma ya kona ya mwisho, na nilimwona mke mwenzangu kabla sijawa tayari. Alikuwa amelala ubavu kwenye ukingo, hana kichwa. Upande wote wa mbele ulishaondolewa, ndani kuko wazi kama nyumba iliyobomolewa ukuta: ngazi inapanda haifiki popote, nyaya zinaning'inia, benchi moja la abiria bado limefungwa mahali pake. Juu ya ubavu wake alichuchumaa mtu mwenye kioo cheusi usoni, cheche zikimwagika majini. Na kando, juu ya magogo, ilikaa mashine. Sikuwahi kuiona maishani mwangu, lakini nilihesabu silinda, zilikuwa sita. Nyingine zilishafunguliwa vifuniko na mvua imeingia. Nilimwombea mengi mwanamke yule. Hilo sikumwombea.

Nikagonga mbili. Mzee akazima.

"Yupo?"

"Yupo," nikasema.

Akakaa wima, akafunga kifungo cha juu cha shati. "Wamempaka rangi?"

"Nyeupe. Na mstari wa kijani huku chini."

"Nilivyosikia, mstari ulikuwa mwekundu."

"Wamebadilisha. Kijani kinampendeza."

"Bomba la moshi?"

"Limesimama. Linang'aa mpaka naumia macho."

"Na mabenchi?"

"Ya abiria yapo," nikasema, na hilo kidogo lilikuwa kweli, nikalishikilia. "Nadhani wako karibu kuondoka naye."

"Watu je, wapo?"

"Yuko mmoja tu, kwa juu. Anasugua sugua. Ana bidii."

"Anasugua na nini?"

"Brashi."

Upepo ulikuwa unatoka kule, unatupiga usoni. Mzee aligeuza uso kidogo huku na huku, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake na hataki kumwaibisha.

"Mama watoto," akasema polepole, "gesi ya kukatia chuma nimeishika kabla hujanijua. Brashi yako hiyo inanuka mtungi."

Nikatazama mapaja yangu, pale chai ilipomwagika.

"Sikugombezi," akasema. "Mstari wa kijani nimeupenda. Niambie moja tu. Wameshafika kwenye mashine?"

"Bado," nikasema, haraka mno. "Mashine ipo pale pale, hawajaigusa."

"Basi nisogeze nikaishike."

"Hatuwezi kusogea. Maji hapa ni machache, tutakwama tena."

Mzee akapapasa sakafuni mpaka akalipata kafi. Akalisimamisha wima pembeni ya boti, akalizamisha. Likaenda, likaenda, mpaka mkono wake ukaingia majini na pindo la mkono wa shati likalowa. Halikugusa kitu. Akalishikilia hapo hapo, uso ameuelekeza kwangu, akingoja.